Majarida ya Bure Yasiyoombwa: Namna Maktaba Inavyoweza Kuyapokea, Kuyapima na Kuyasimamisha

Maktaba yoyote yenye anwani inayojulikana hupokea majarida ambayo hakuna mtu ndani yake aliyeyaagiza. Toleo la kwanza hufika bila barua ya maelezo, nalo huwekwa pembeni kwa sababu kuna kazi nyingine. La pili na la tatu hufika kabla la kwanza halijatolewa uamuzi. Na kufikia mwisho wa mwaka jarida hilo limekwisha kujipatia nafasi katika chumba cha kusomea, wasomaji wamelizoea, na hakuna anayeweza kueleza ni nani aliyeliruhusu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakutubi wanaotaka kuizuia hali hiyo bila kuwakosea adabu wafadhili na bila kuwanyima wasomaji jarida ambalo lingewafaa. Kanuni unaoitegemea ni moja: jarida lililoletwa bure lipitie mlango uleule wa uteuzi unaopitiwa na jarida la kununuliwa, na uamuzi juu yake ufanywe mara moja, uandikwe, kisha uheshimiwe hadi tarehe iliyopangwa ya kuupitia upya.

Jarida linastahili uangalifu kuliko kitabu cha zawadi, kwa kuwa kitabu kikikubaliwa kimakosa, kosa linaishia hapo, ilhali jarida ni ahadi inayoendelea. Jarida la kila wiki huleta matoleo 52 kwa mwaka, na la kila mwezi huleta 12. Maktaba iliyoyaachia majarida kumi ya kila mwezi yaingie yenyewe imejitwisha matoleo 120, na kila toleo halina budi kufunguliwa, kugongwa muhuri, kuandikwa, kupangwa, na baadaye kuondolewa ili kupisha jipya. Muda huo wa wafanyakazi na nafasi hiyo ya rafu havionekani katika ankara yoyote, na ndiyo sababu wakuu wa taasisi huwa wepesi wa kuuliza kwa nini maktaba inakataa kitu cha bure. Waliosema bure ghali hawakuwa wakifikiria rafu za majarida, lakini wangeweza kuwa.

Tambua aliyelileta na anachokitafuta

Majarida yasiyoombwa hayafanani, na ni kosa kuyatendea yote kwa namna moja. Kundi lililo kubwa katika maktaba nyingi ni la majarida ya fani na biashara, ambayo mchapishaji huyagawa bure kwa watu wenye kazi fulani kwa sababu mapato yake hutoka kwa makampuni yanayolipia matangazo. Makampuni hayo hulipa kwa kuangalia idadi na aina ya wasomaji, kwa hiyo kila anwani mpya ina thamani. Idadi hizo hukaguliwa na taasisi maalumu: nchini Marekani, Audit Bureau of Circulations iliundwa mwaka 1914, na mwaka 1931 ikaundwa nyingine iliyojikita katika majarida yanayogawiwa bure kwa wasomaji walioteuliwa. Mkaguzi hutaka ushahidi kwamba mpokeaji ni mtu wa fani husika na kwamba analihitaji jarida, na hapo ndipo zinapotoka zile kadi na barua pepe zinazomwomba mpokeaji athibitishe taarifa zake. Mkutubi anayelijua hili ana nguvu mkononi, kwa kuwa jarida la aina hii lisipothibitishwa kwa kawaida hukoma lenyewe baada ya muda, na likithibitishwa na mfanyakazi aliyejaza kadi kwa uungwana tu, limejipatia kipindi kingine.

Kundi jingine ni la majarida ya jumuiya za kidini, vyama vya siasa, balozi, mashirika ya utetezi na makampuni yanayojieleza kwa umma. Hawa hawatafuti hesabu ya watangazaji. Wanatafuta msomaji, na zaidi ya msomaji wanatafuta heshima ambayo jarida huipata kwa kuonekana katika rafu ya maktaba. Hakuna ubaya katika nia hiyo ikiwa iko wazi. Karibu nao wako wachapishaji wa majarida ya kitaaluma yanayowatoza waandishi ada ya kuchapishiwa makala, ambao hutuma nakala ili baadaye waweze kuandika kwamba jarida lao linapatikana katika maktaba za vyuo.

Yapo pia yanayofanana na zawadi ilhali si zawadi. Sampuli za kuuza huja toleo moja au mawili, kisha ankara hufuata. Jarida la fidia huja pale ambapo jarida lililolipiwa limekufa na mchapishaji, badala ya kurudisha fedha iliyobaki, anaanza kuleta jarida lake jingine. Hilo ni mali iliyonunuliwa kwa fedha ya maktaba, na maktaba ina haki ya kuuliza kama inaweza kurudishiwa fedha hizo. Usajili uliolipiwa kimyakimya na msomaji mwenye nia njema nao huonekana kama jarida lisilo na mwenyewe mpaka mtu aulize. Mwisho kuna magazeti na majarida yanayoendelea kuja kwa jina la mfanyakazi aliyehama au kustaafu, ambayo hayakuwa ya maktaba tangu mwanzo.

Toleo la kwanza likifika

Jambo la kwanza ni kutoliweka katika rafu ya wazi. Majarida yote yasiyotambulika yawe na sehemu moja ya kungojea, iwe trei, kasha au shubaka, na mfanyakazi anayefungua barua aelekezwe kwamba kazi yake kwa majarida hayo inaishia hapo. Bahasha au karatasi ya nje isitupwe kabla lebo ya anwani haijasomwa. Lebo hiyo hueleza mengi kuliko kurasa za ndani: jina la mtu au cheo kilichoandikwa, namba ya usajili, na mara nyingi tarehe ambayo usajili unakoma. Lebo yenye tarehe ya mwisho iliyo mwaka mzima mbele inaonyesha kwamba kuna usajili halisi uliofunguliwa na mtu. Lebo isiyo na namba wala tarehe ina dalili ya sampuli au ya orodha ya anwani iliyonunuliwa. Ipigwe picha au ibandikwe katika daftari, kwa kuwa itahitajika siku ya kuandika barua ya kusimamisha.

Baada ya lebo, ulizia ndani ya taasisi yenyewe. Wakala anayeinunulia maktaba majarida aulizwe kama kuna kitu kilichoagizwa au kubadilishwa, idara ya uhasibu iulizwe kama kuna malipo yaliyofanywa kwa jina la mchapishaji huyo, na mkuu wa idara ambayo fani yake inahusika aulizwe kama aliomba. Sehemu kubwa ya mafumbo huishia hapa. Kama mfumo wa maktaba una rekodi ya majarida, tafuta kwa kutumia ISSN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha majarida, badala ya jina, kwa sababu majina ya majarida hufanana na hubadilika. Namba hiyo ina tarakimu nane zilizogawanywa mafungu mawili ya nne kwa kistari, na kwa kawaida huchapwa kwenye jalada au katika ukurasa wenye majina ya wahariri. Itumike kutambulisha tu: ISSN haikuundwa kupima ubora, jarida dhaifu kabisa linaweza kuwa nayo kihalali, na mchapishaji anayeitangaza kana kwamba ni cheti anamtegemea msomaji asiyelijua jambo hilo.

Toleo moja halitoshi kutolea uamuzi wa kulikubali jarida, ingawa linaweza kutosha kulikataa. Ngoja la pili, na kwa jarida la kila robo mwaka ngoja angalau barua ya kumuuliza mchapishaji ijibiwe, kwa sababu matoleo mengi ya namna hii hayarudi tena. Kisha teua siku moja katika mwezi ya kupitia kila kilichomo katika trei, na siku hiyo isivuke bila uamuzi.

Barua zenye jina la mtu ni suala la pekee. Jarida lililoandikiwa mfanyakazi aliyeko apelekewe mwenyewe, hata kama anwani ni ya maktaba; la aliyeondoka lirudishwe au mchapishaji aarifiwe, na lisigeuzwe kuwa mali ya maktaba kwa sababu tu mwenyewe hayupo.

Ankara ikifuata

Kitu kisichoagizwa hakiwi deni kwa sababu tu kimefuatana na ankara. Nchi kadhaa zimeliweka hilo katika sheria. Marekani ina kifungu cha mwaka 1970 kinachomruhusu aliyeletewa kwa posta bidhaa asiyoiagiza aichukue kuwa zawadi, na Uingereza ilitunga sheria yake kuhusu bidhaa na huduma zisizoombwa mwaka 1971. Umoja wa Ulaya una agizo la mwaka 2011 linalomwondolea mlaji wajibu wa kulipia kitu asichokiomba. Lakini agizo hilo linamlinda mtu binafsi anayenunua kwa matumizi yake, kwa hiyo taasisi isijifariji nalo kabla ya kumuuliza mwanasheria wake. Popote ilipo, maktaba ianze kwa kutafuta sheria ya nchi yake, na wakati huohuo itenge matoleo yaliyokwisha kufika bila kuyagonga muhuri wala kuyatoa kwa wasomaji, kwa sababu muhuri wa maktaba juu ya jarida linalobishaniwa ni ushahidi ulio upande wa mdai.

Njia ya kawaida ya kuinasa maktaba ni simu. Mtu hupiga na kusema kwamba anathibitisha tu anwani, au anauliza jina la msimamizi wa majarida, na neno la "ndiyo" lililotolewa kwenye meza ya mapokezi hurudi baadaye likiwa limeandikwa kuwa ni agizo. Dawa yake ni ya kiutawala: mtu mmoja tu ndiye awe na mamlaka ya kukubali usajili wowote, wa kulipia au wa bure, na wengine wote wafundishwe kujibu kwamba maombi ya aina hiyo yaletwe kwa maandishi. Idara ya uhasibu nayo iambiwe kwamba ankara ya jarida lisilomo katika orodha ya yaliyoagizwa isilipwe hata kama kiasi ni kidogo. Udogo wa kiasi ni sehemu ya hila yenyewe, kwani ankara ndogo hulipwa bila maswali, na ikilipwa mara moja imeugeuza usajili wa uongo kuwa wa kweli.

Kulipima jarida lenyewe

Hapa ndipo kazi ya ukutubi ilipo, nayo haipaswi kuharakishwa. Ilani ya UNESCO na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, kuhusu maktaba za umma, iliyotolewa upya mwaka 1994 na tena 2022, inataka mikusanyiko isiwekwe chini ya udhibiti wa kiitikadi, kisiasa au kidini, wala chini ya shinikizo la kibiashara. Wengi huikumbuka nusu ya kwanza ya tamko hilo na kuisahau ya pili. Jarida la bure huzigusa nusu zote mbili kwa pamoja: ukilikataa kwa sababu huupendi msimamo wake umeivunja ya kwanza, na ukilipokea kwa sababu tu limelipiwa na mwenye fedha umeivunja ya pili. Mkusanyiko uliojaa majarida ya wenye uwezo wa kutuma bure huegemea upande wao hata kama kila jarida, likitazamwa peke yake, halina kasoro.

Swali la kuanzia ni lile ambalo lingeulizwa kama jarida lingekuwa linauzwa: je, maktaba ingelinunua kama ingekuwa na fedha? Jibu likiwa hapana, bure haiwezi kuligeuza kuwa ndiyo, isipokuwa kwa sababu inayoweza kuandikwa. Jibu likiwa labda, endelea kupima. Tazama wasomaji wa maktaba yako ni akina nani na kama jarida linajibu haja ambayo haijajibiwa na jarida lililopo. La tatu linalozungumzia jambo lilelile ambalo mawili mengine yanalizungumzia vizuri halina haraka ya kuingia. Tazama kama makala zimeandikwa na watu wanaotajwa majina, kama zina vyanzo pale zinapodai ukweli, na kama toleo la leo lina jambo ambalo halikuwamo katika lililopita. Tazama pia kama linatoka kwa wakati, kwa sababu jarida linalokuja mara mbili kisha likapotea nusu mwaka huwachosha wasomaji wanaolifuatilia.

Kipimo ninachokipa uzito kuliko vyote ni uwazi wa mwenye jarida. Msimamo si kasoro. Jarida la chama cha wakulima litatetea wakulima, la jumuiya ya dini litafundisha dini yake, la ubalozi litaisifu nchi yake, na msomaji aliyeambiwa hivyo ana akili ya kulisoma kwa kadiri hiyo. Kasoro huanza pale jarida linapoficha anayelilipia, kwa mfano jarida la afya ambalo kila makala inaishia kwenye dawa ya kampuni moja bila kampuni hiyo kutajwa kuwa mmiliki, au tangazo lililopangwa kwa herufi na safu zilezile za makala ili lisitambulike kuwa ni tangazo. Kama ukurasa wa wahariri hauonyeshi mchapishaji, anwani wala mmiliki, na mchapishaji akiulizwa hajibu, hiyo ni sababu ya kutosha ya kukataa.

Ukiamua kulipokea jarida la upande mmoja katika mjadala wa wazi, uwe tayari kwa mantiki ya uamuzi wako. Upande wa pili ukileta la kwake, ulipime kwa vipimo vilevile; na upande wa pili usipokuwa na fedha za kutuma chochote bure, huenda maktaba ikalazimika kununua ili mizani isilale. Hili ni gharama nyingine ya jarida la bure ambayo haionekani siku lilipofika.

Vipimo hivi vinafaa kuwamo katika sera iliyoandikwa kabla ya mgogoro wowote. IFLA ilichapisha mwongozo wa kushughulikia zawadi mwaka 2008, na msisitizo wake ni huohuo wa kuwa na sera ya maandishi. Kifungu kuhusu majarida hakihitaji kuwa kirefu. Kinaweza kusomeka hivi: "Maktaba hupokea usajili wa majarida wa bure endapo tu jarida linakidhi vigezo vya uteuzi vinavyotumika kwa majarida ya kununuliwa. Kupokelewa kwa toleo moja au zaidi hakumaanishi kukubaliwa kwa usajili. Maktaba ina uhuru wa kuamua mahali pa kuliweka jarida, muda wa kulihifadhi na namna ya kuliondoa, na haiwajibiki kurudisha matoleo yasiyoombwa." Bodi au uongozi wa taasisi ukilipitisha andiko hilo, mkutubi halazimiki tena kujitetea kwa maoni yake binafsi mbele ya mtumaji mwenye cheo kikubwa, wala mbele ya msomaji anayelalamika kwamba jarida fulani limo au halimo.

Kulikubali bila kujitwisha mzigo wote

Jarida lililokubaliwa halilazimiki kupata huduma kamili inayopata jarida la kulipia. Yapo machache yanayostahili kuingizwa katika katalogi na kuhifadhiwa kwa miaka mingi, nayo yatendewe hivyo bila kubaguliwa kwa sababu ya bei. Mengi yatatosha kwa utaratibu mwepesi: rekodi fupi yenye jina, ISSN, chanzo na maelezo kwamba maktaba huweka matoleo ya karibuni pekee, muhuri wenye tarehe ya kupokea, na muda wa kuhifadhi uliowekwa mapema, kama vile matoleo matatu ya mwisho au miezi sita. Usiyajalidi, na usipoteze muda kudai matoleo yaliyopotea njiani, isipokuwa jarida limekubaliwa kwa hifadhi ya kudumu. Toleo la zamani liondolewe siku ileile jipya linapowekwa, maana kazi ya kuondoa ikiahirishwa hugeuka rundo.

Baina ya kukubali na kukataa kuna njia ya katikati, yaani meza ya machapisho ya kuchukua bure, ambayo haimo katika mkusanyiko na haihitaji rekodi. Ina manufaa yake, lakini iwe na kibao kinachoeleza wazi kwamba maktaba haikuyachagua machapisho yaliyopo juu yake, iwe na kikomo cha ukubwa, na isafishwe kila wiki. Meza isiyo na msimamizi huvutia watu kuacha vipeperushi vyao wenyewe, na baada ya muda mfupi haijulikani nani ameweka nini. Jarida linaloweza kuifaa idara fulani au maktaba nyingine lipelekwe huko, ila mhusika aulizwe kwanza. Kumhamishia mwenzako mzigo asiouomba ni kulifanya tatizo litembee.

Kulisimamisha

Kurudisha bahasha posta ikiwa na maneno "irudishwe kwa mtumaji" ni njia inayojaribiwa kwanza na wengi, nayo mara nyingi haifiki popote, kwa sababu barua za jumla zinazotumwa kwa nauli nafuu hazirudishwi katika huduma nyingi za posta bila mtumaji kulipia. Barua au ujumbe wa barua pepe kwa idara ya usambazaji ya mchapishaji, wala si kwa mhariri, ndio unaofanya kazi. Uwe mfupi, utaje namba ya usajili, na uambatanishe picha ya lebo, kwa kuwa bila herufi zilezile zilizochapwa kwenye lebo mchapishaji anaweza kushindwa kuiona anwani katika orodha yake. Mfano wake ni huu:

"Kwa idara ya usambazaji. Maktaba yetu imekuwa ikipokea jarida lenu kwa anwani iliyoonyeshwa katika lebo iliyoambatanishwa, ingawa haikuliagiza. Tunawashukuru kwa kututumia. Baada ya kulipima kwa mujibu wa sera yetu ya uteuzi, tumeamua kutoliingiza katika mkusanyiko, na tunaomba anwani hii iondolewe katika orodha yenu. Matoleo yatakayofika baada ya barua hii hayatahifadhiwa wala kurudishwa. Tafadhali tujulisheni mtakapokuwa mmekamilisha."

Sentensi ya kueleza sababu kwa urefu haimo kwa makusudi. Sababu ikitolewa huleta mjadala, na mchapishaji ataahidi kuirekebisha. Weka nakala ya barua na tarehe, na utarajie toleo moja au mawili zaidi, kwa sababu orodha za anwani huchapwa mapema. Kama baada ya miezi mitatu jarida bado linakuja, andika mara ya pili ukiambatanisha barua ya kwanza, kisha matoleo yanayofuata yapelekwe moja kwa moja kwenye karatasi za kurejelezwa bila kurudi tena katika trei ya kungojea. Kadi za kuthibitisha taarifa zisijazwe kamwe ikiwa jarida halitakiwi, na hata likitakiwa zijazwe kwa ukweli. Kumwandika mkutubi kuwa mhandisi ili jarida la wahandisi liendelee kuja ni kutoa ushahidi wa uongo katika hesabu inayokaguliwa. Wala maktaba isimpe mchapishaji majina ya wasomaji wake au kumbukumbu za nani alisoma nini, hata kama hilo limewekwa kuwa sharti la kuendelea kupokea.

Msomaji aliyelipia, na mambo mengine machache

Usajili wa zawadi kutoka kwa msomaji unahitaji lugha ya pekee, kwa kuwa nyuma yake kuna fedha ya mtu anayeipenda maktaba. Jarida likikidhi vigezo, mshukuru kwa maandishi na umuulize mapema kama anakusudia kulihuisha kila mwaka, ili wasomaji wasizoee kitu kitakachokatika ghafla. Lisipokidhi, mweleze kwamba uteuzi hufuata sera, na umwonyeshe jarida lililomo katika orodha ya mahitaji ambalo fedha hiyo ingelilipia. Usimwahidi mtu kuhifadhi matoleo milele. Afadhali akereke leo kuliko akute zawadi yake kwenye kasha la taka baada ya miaka miwili.

Maktaba za taifa na nyingine zenye jukumu la kisheria la kupokea nakala za machapisho ya nchi haziwezi kuufuata mwongozo huu wote. Wajibu huo ni wa zamani, kwani Ufaransa iliuanzisha kwa amri ya Mfalme François wa Kwanza mwaka 1537, na unahusu kukusanya chochote kilichochapishwa, kizuri na kibaya. Hata maktaba za kawaida zina sababu ya kuweka toleo moja la majarida ya bure yanayohusu eneo lao, ikiwa ni pamoja na yale zilizoyakataa. Majarida hayo hakuna anayeyanunua na hakuna anayeyatunza, na mtafiti wa baadaye atakayetaka kujua makundi gani yalikuwa yakisema nini hatayakuta kwingine. Kasha moja lenye tarehe linatosha.

Kwa majarida ya kielektroniki, trei hubadilika lakini maswali hayabadiliki. Ofa ya kutumia jarida bure kwa siku kadhaa isikubaliwe kabla masharti hayajasomwa, hasa kifungu kinachougeuza usajili wa majaribio kuwa wa kulipia pasipo taarifa. Jarida lililo wazi kwa kila mtu mtandaoni halihitaji kuombewa ruhusa ya kuingia, ila likiingizwa katika katalogi kiungo chake kikaguliwe mara kwa mara, kwa kuwa hufa bila kuaga.

Orodha ya maamuzi ndiyo inayozuia kazi hii isianze upya kila mfanyakazi anapobadilika. Kila jarida liwe na mstari wake: jina, ISSN, tarehe ya toleo la kwanza, aliyelileta, uamuzi, sababu kwa maneno machache, jina la aliyeamua, tarehe ya barua ikiwa iliandikwa, na mwaka wa kupitiwa tena. Yaliyokubaliwa yapitiwe kila mwaka pamoja na yale ya kulipia. Yaliyokataliwa yasifunguliwe upya kwa sababu tu toleo jipya lina jalada zuri. Yafunguliwe pale mmiliki au mhariri anapobadilika, msomaji anapoomba kwa maandishi, au jarida la kulipia lililokuwa likijaza nafasi hiyo linapokoma kuchapishwa.